Muulize Mkutubi: Popobawa Yuko Ukurasa wa Ngapi?

Mwezi uliopita niliuliza, kwa mzaha tu, kama kuna msomaji mwenye kitabu nyumbani ambacho wenzake wanaogopa kukifungua. Mzaha umenitokea puani. Mhariri kanikabidhi mfuko mzima wa barua, na ndani yake majini, mizimu, nyota, na mtu mmoja anayetaka kunioa. Huyo nimemjibu faragha.

Kwa mgeni wa safu hii: nimegonga mihuri ya tarehe kwenye vitabu vya watu kwa miaka 31, nikastaafu, na sasa nakaa barazani kwangu Magomeni na miwani mbili, moja ya kusomea, nyingine ya kuangalia nani anapita. Utabiri sifanyi, wala kuagua. Nachojua ni vitabu vya rejea, yaani vile ambavyo mtu hakai akavisoma mwanzo hadi mwisho, anavifungua akiwa na swali. Vya mambo ya ajabu vina tabia zao. Tuanze.

*

Shikamoo Bi Mkutubi. Nilinunua kwa shilingi 15,000, kwa wale wanaopanga vitabu chini pale Posta, ensaiklopedia nene ya Kiingereza ya viumbe vya ajabu duniani. Nikatafuta cha kwetu, nikamkuta Popobawa: kibeti mwenye jicho moja na mabawa ya popo. Mke wangu ni wa Chake Chake. Alicheka mpaka akakaa chini. Anasema kwao hakuna anayemsimulia hivyo. Kitabu kimedanganya, au mke wangu ndiye hajui?
Fundi makochi, Tandika

Marahaba, baba. Kwanza bei: umepigwa kidogo. Ungemwonyesha yule kijana kwamba jalada limelegea, angeshuka mpaka 10,000. Pili, mkeo anajua.

Jina lenyewe limewaponza waandishi wa mbali. Wamelipasua vipande viwili, popo na bawa, wakachora walichokiona kwenye jina. Jicho moja likapanda njiani kama abiria wa daladala. Wenyewe visiwani wanasimulia kingine: giza linalotanda kama kivuli cha bawa, harufu mbaya chumbani, kisha uzito kifuani na sauti isiyotoka. Umbo moja hana; anaweza kuja kwa sura ya mtu. Yanayofuata ni ya aibu, na sehemu ya kisa ni kwamba aliyefikwa sharti awasimulie wenzake, la sivyo atarudiwa. Hebu fikiri kidogo juu ya sharti hilo. Ni uvumi uliokuja na miguu yake mwenyewe.

Wazee wa Pemba wanaihusisha habari hii na miaka iliyofuata Mapinduzi ya 1964, lakini iliyotikisa ni ya 1995, mwaka wa uchaguzi wa kwanza wa vyama vingi tangu Mapinduzi. Ilianza Pemba, ikavuka Unguja, ikaingia Dar. Watu walilala nje kwa makundi, wamewasha moto. Unguja, mtu mwenye maradhi ya akili aliuawa na kundi lililomdhania kuwa ndiye. Hilo nalitaja kwa sababu vitabu vya picha za kutisha mara nyingi hulipita, na mimi naona ndilo la kutisha kuliko mabawa yote.

Nami nilikuwa napanga Temeke wakati huo, nyumba ya vyumba sita. Nakumbuka jioni moja wanaume wote wa nyumba wametoa mikeka uani, kila mmoja anadai ndani kuna joto. Joto lilikuwepo kweli, hii ni Dar. Lakini lilikuwepo na mwaka wa nyuma yake, na wakalala ndani. Habari zilizuka tena hapa mjini mwaka 2007, na mikeka ikatoka tena.

Sasa rudi kwenye kitabu chako. Usome mwisho wa kila habari, pale penye herufi ndogo. Je, imesemwa nani alisimulia, wapi, mwaka gani? Kama hakuna, hiyo habari imenakiliwa kutoka kitabu kingine, nacho kilinakili kwingine, mpaka mswahili wa kwanza aliyesimulia amepotea na kimebaki kibeti. Swali langu kwa kila kitabu cha aina hii ni moja: umeambiwa na nani?

Na kuna neno ambalo ensaiklopedia yako haina, ila kamusi yoyote ya Kiswahili inalo: jinamizi. Kukabwa usingizini, unaamka macho, viungo vimekufa, kuna kitu kimekukalia. Madaktari wanaeleza kwamba tukiwa katika usingizi wa ndoto mwili hujifunga misuli ili tusitende tunayoota. Mara nyingine akili huamka kabla ya kufuli kufunguka. Watu wa pwani walikwisha kulipa jambo hilo jina. Baadaye likaja jina jipya lenye mabawa.

Ukitaka kitabu chako kipande thamani, chukua penseli (penseli, si kalamu ya wino!) uandike pembeni anachosema mkeo, pamoja na Chake Chake na tarehe ya leo.

*

Bi, kuna kitabu cha nyota kinachoweza kunitajia matokeo ya mechi ya watani wa jadi? Mkeka wangu wa kubeti huchanika kila wiki.
Manzese

Kingekuwepo, mwenye duka Kariakoo asingekiuza, angekifungia ndani akawa anabeti yeye. Vitabu vya falaki vinavyozunguka pwani hii, vile vinavyonasibishwa na Abu Maashar, mnajimu wa Balkh wa karne ya 9, hukokotoa herufi za jina lako na za jina la mama yako. Timu haina mama. Ukilipata jina la mama wa Yanga, niandikie tena.

*

Mwalimu wa maktaba, nafundisha Kidato cha Pili Kigamboni. Wanafunzi waliniuliza mumiani ni nini. Niliwaambia ni wanyonya damu kama wale wa sinema za Ulaya. Mmoja akasema bibi yake anasema mumiani ni dawa. Nikamnyamazisha. Sasa silali.
Mwalimu wa Kiswahili

Umefanya vizuri kutolala. Mwombe radhi yule mtoto mbele ya darasa, maana bibi yake amekushinda kwa miaka mia kadhaa.

Nenda maktaba yenye kamusi kubwa ya Kiswahili kwa Kiingereza ya 1939, ile iliyosimamiwa na Frederick Johnson kwa niaba ya kamati ya lugha ya maeneo yetu haya. Fungua herufi M. Utakuta mumiani ni kitu cheusi mithili ya gundi, dawa ya kuunga mifupa na ya homa za kutetemeka, hupakwa, au huyeyushwa kwenye samli ikanywewa, na inasemekana yatoka Uajemi. Kisha, ndani ya habari hiyohiyo, kamusi inaongeza kwamba wenyeji wengi wanashikilia ni damu ya watu iliyokaushwa, watu waliouawa kwa kazi hiyo. Na kwamba uvumi ukizuka kuwa mumiani inatafutwa, mji mzima hujifungia jua likitua. Mimi nilipoisoma mara ya kwanza nilikuwa nimesimama, nikavuta kiti. Kamusi! Kitu ambacho watu hukidhani kikavu kama dagaa wa mwaka jana. Mistari michache imebeba dawa, biashara ya bahari, na hofu ya mtaa.

Neno lenyewe ni la Kiajemi, asili yake mumu, yaani nta. Lilitaja lami iliyochuruzika kutoka miambani, na iliuzwa ghali kwa waliovunjika mifupa. Waarabu walipoona maiti za Misri ya kale zimepakwa kitu cheusi mfano wa lami ile, wakaziita kwa jina hilo. Wazungu wakalichukua, ndilo jina wanaloziita maiti hizo hadi leo. Tena wakafanya jambo ambalo ningependa darasa lako lilisikie: kwa karne kadhaa maduka ya dawa ya Ulaya yaliuza unga wa maiti za Misri, na wagonjwa wakaumeza. Kwa hiyo mtu wa pwani aliyesikia kwamba wageni wanatengeneza dawa kutokana na watu hakuwa mbali na ukweli kama alivyochekwa.

Zama za ukoloni uvumi ulivaa sare. Kenya waliosemwa ni wazimamoto, na gari lao jekundu. Uganda neno likawa bazimamoto. Huku kwetu mumiani na chinjachinja. Mwanahistoria wa Marekani, Luise White, alikusanya masimulizi hayo Kenya na Uganda, akapekua na nyaraka, akatoa kitabu mwaka 2000. Kilichonipendeza kwake hakuhangaika kuthibitisha kama damu ilinyonywa. Aliuliza kwa nini watu wa mahali fulani, wakati fulani, waliona gari lile, mpira ule wa maji, bomba lile la sindano, wakayaunganisha namna ile. Ukifundisha, fundisha hivyo. Wape kazi ya nyumbani: kila mmoja amuulize mtu mzima wa nyumbani kwao maana ya mumiani, aandike jibu kama lilivyotamkwa. Utapata kamusi ndogo ya Kigamboni kwa bei ya daftari moja.

*

Shikamoo mama. Mwanangu wa miaka 15 nimemkuta na kitabu cha mashetani, kimechapwa upya, kina picha za kutisha: kichwa cha simba kimezungukwa na miguu mitano ya mbuzi. Anazinakili kwenye daftari la hesabu. Jirani kanishauri nikichome kabla hakijaleta mambo ndani. Nifanyeje?
Mama wa Mbagala

Marahaba mwanangu, weka kiberiti jikoni.

Kwa maelezo yako ya ile miguu, hicho ni kitabu cha Mfaransa Collin de Plancy, kamusi ya mambo ya kuzimu iliyotoka mara ya kwanza mwaka 1818. Picha zimo kwenye toleo la 1863, zilichorwa na Louis Le Breton, na huyo mwenye miguu mitano anaitwa Buer. Mwandishi alianza kazi akiwa mtu wa kuwacheka washirikina. Baadaye akawa Mkatoliki wa dhati, akairekebisha kamusi yake ilingane na imani yake. Kwa hiyo mwanao ameshika kitabu kilichoandikwa na mcheshi, kikasahihishwa na mcha Mungu, kikapambwa na fundi wa kuchora. Sijawahi kusikia shetani anayevumilia wahariri wengi kiasi hicho.

Ila swali lako lina msingi, na jibu langu lisikutoe njiani. Vitabu vya mambo haya viko vya aina mbili, na hata usipojua lugha yake utavitenganisha. Cha kwanza kinasimulia: kimepangwa kwa alfabeti, kila habari inasema watu wa mahali fulani huamini hivi. Hicho ni cha rejea. Cha pili kinaamrisha: andika hiki kwa zafarani, choma kile, kunywa siku ya Jumanne kabla ya jua. Hicho ni cha matumizi. Cha kwanza mwachie. Cha pili kaa naye umuulize anakitakia nini, maana mtoto wa miaka 15 anayetafuta dawa ya kupendwa au ya kulipiza kisasi ana shida iliyoanzia kwingine, shuleni mara nyingi.

Cha aina ya pili nakijua kwa uchungu. Kwenye maktaba mojawapo niliyofanyia kazi tulikuwa na nakala ya Shamsu al-Maarif, kitabu maarufu cha herufi na talasimu kinachonasibishwa na al-Buni, aliyefariki 1225. Kila nilipokikagua kilikuwa chembamba zaidi. Mtu, au watu, walikuwa wanakata kwa wembe kurasa zenye vile vijumba vya namba, moja moja, kwa ustadi wa fundi cherehani, ukingo umenyooka kabisa. Mwisho kikabaki jalada, utangulizi na uzi. Nilijua orodha ya waliokiazima kukisomea mezani, na niwaambie, walikuwa wengi wa tai na viatu vinavyong'aa. Asubuhi moja, kwenye sanduku la kurudishia vitabu, nikakuta ukurasa mmoja umekunjwa mara nne. Pembeni, kwa wino wa bluu, mtu kaandika: "Haikufanya kazi."

Mnunulie mwanao daftari la kuchorea, hesabu zipumue. Kisha mpeleke kwa bibi yake amsimulie zimwi na kinyamkela, achore hao. Hakuna kamusi ya Kifaransa yenye picha ya kinyamkela. Na kama pamoja na kuchora halali, hali, au anasikia sauti, hapo hospitali, mwanangu, wala usimpitishe popote kabla.

*

Bi, niko chuo, Mabibo hosteli. Nafanya utafiti juu ya imani za mizimu Uzaramo. Maktaba nimezunguka saa tatu sijapata rafu yenyewe. Iko wapi?
Mwanafunzi aliyechoka

Rafu yenyewe haipo, mdogo wangu, na si kosa la miguu yako.

Maktaba nyingi hapa mjini hupanga vitabu kwa namba za Dewey, mpango wa Mmarekani uliotoka 1876. Kwa mpango huo mzuka wa ngome ya Kiingereza uko 133.1. Uchawi uko 133.4, nyota 133.5. Ukiusimulia mzuka huohuo kama hadithi, unahamia 398. Ukiwa umeonekana juu ya bahari ukafanana na sahani inayoruka, nenda 001.94, mwanzo kabisa wa rafu, karibu na mlango. Sasa mzimu wa Kizaramo: kama mwandishi ameuona kama dini, uko 299.6, huko mwisho, baada ya Ukristo kujimwaga kwenye makumi ya namba. Ameuona kama desturi, 390. Ameuona kama ushirikina, 133. Jini likiandikwa na sheikh liko 297. Mzimu mmoja una anwani nne, na anayeamua ni mkutubi mmoja mwenye njaa saa sita mchana. Mimi nimekuwa huyo mkutubi. Kuna vitabu nilivipeleka 133 kwa uvivu tu, kwa sababu kichwa kilikuwa na neno la uchawi, na hadi leo najuta. Ndani kulikuwa na sheria ya urithi na ugomvi wa mashamba.

Tena kuna bosi wangu mmoja wa zamani, simtaji, aliyeamuru 133 yote ifungiwe kabatini, eti inatia watu wasiwasi. Ufunguo akaupoteza mwenyewe. Tulikaa miezi na kabati la mizimu lisilofunguka, na wafagizi wakaanza kulikwepa.

Kwa hiyo: acha kutafuta rafu, tafuta maneno. Kwenye katalogi andika Zaramo, Uzaramo, mzimu, tambiko, pepo, uganga, kila moja peke yake, na ujaribu tahajia za zamani. Na Chuo Kikuu hapo Mlimani omba sehemu ya vitabu vya Afrika Mashariki, uongee na mhudumu. Salimia kwanza. Kuna vitu mhudumu anavijua ambavyo kompyuta haijaambiwa.

*

Bi Mkutubi, mimi ni nahodha mstaafu wa Kunduchi. Mbona vitabu vyote unavyotaja ni vya watu wa nje? Chunusi wametuchukulia vijana baharini hapa miaka na miaka. Hakuna Mswahili aliyekaa akaandika?
Nahodha

Shikamoo nahodha. Yupo, na umenifurahisha kuliko wote.

Chunusi wako yumo kwenye kamusi, kiumbe wa majini anayemvuta mtu chini. Na wewe uliyeishi baharini unaijua mikondo ya Kunduchi kuliko mimi, sitakufundisha. Lakini ukitaka Mswahili aliyekaa akaandika, mtafute Mtoro bin Mwinyi Bakari. Alitokea Dunda, huko Bagamoyo. Mwaka 1900 alikuwa Berlin, anafundisha Wajerumani Kiswahili. Kitabu kilitoka 1903, Desturi za Wasuaheli. Jalada likabeba jina la Carl Velten, Mjerumani aliyekusanya. Ila sehemu kubwa ya maneno ni ya Mtoro. Mambo ya kuzaliwa, jando, ndoa, ngoma, waganga, pepo, viapo, kila kitu kinaelezwa kama anayeelezwa ni mgeni mstahiki aliyeketi jamvini. Hashangai wala hacheki. Anasema mtu akipatwa na hivi, huitwa fulani, naye hufanya hivi, na hulipwa hivi. Malipo hasahau kamwe! Ndiyo nikajua kwamba ni mtu wa kwetu.

Yeye mwenyewe yalimpata makubwa kuliko pepo. Mwaka 1904 alioa mwanamke wa Kijerumani. Walipotaka kuja kuishi huku kwetu, serikali ya kikoloni ikawazuia, wakarudi Ujerumani. Alifia Berlin 1927. Kitabu kikatafsiriwa Kiingereza na J. W. T. Allen, kikachapwa Marekani 1981, na safari hii jina la Mtoro likakaa mbele. Mwaka huohuo wa 1981 ndipo ilipotoka Kamusi ya Kiswahili Sanifu ya TUKI, yaani Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili, Kiswahili kwa Kiswahili. Hivyo viwili ukivipata, rafu yako ya mambo ya ajabu imetosha, na ensaiklopedia ya yule fundi makochi ibaki ya picha.

Halafu, nahodha, wewe je? Bahari yote hiyo uliyokatiza, unaandika barua ya mistari sita?

*

Bibi, shikamoo. Babu alifariki, na tulipobomoa dari nyumbani Magomeni Mapipa tukakuta furushi la kitambaa, ndani karatasi za kale zenye herufi za Kiarabu. Mjomba anasema ni majini ya babu, na mganga anataka 300,000 ayahamishe. Shangazi kalifungia chumba cha uani, hakuna anayeingia. Chumba kilikuwa na wapangaji.
Wajukuu watano

Marahaba wote watano. Laki tatu msitoe, na wapangaji wawarudishie kodi ya siku hizo.

Kwa mamia ya miaka Kiswahili kiliandikwa kwa herufi za Kiarabu. Barua za mapenzi, tenzi, hati za mashamba, risiti, matusi, vyote. Kwa hiyo herufi hazikwambii kilichoandikwa, kama vile mtu kuvaa kanzu hakukwambii anakwenda msikitini. Inaweza kuwa dua. Inaweza kuwa kombe au hirizi za babu, nazo ni sehemu ya maisha yake, hazimli mtu. Inaweza kuwa utenzi ambao hakuna mwingine anao. Maktaba ya Chuo Kikuu hapo Mlimani inahifadhi miswada ya Kiswahili ya aina hiyo, mingine ilikusanywa na huyohuyo Allen niliyemtaja.

Mkilifungua: mikono mikavu na safi, meza iliyotandikwa shuka jeupe, feni imezimwa. Msilianike juani, msiweke gundi ya plastiki palipochanika, msilifunge kwenye nailoni litatoka jasho. Mkisikia harufu ya kutisha, ni ukungu na kinyesi cha mende. Pigeni picha kila ukurasa kwa simu kabla ya kumpa yeyote, hata mimi. Kisha mtafuteni mzee anayesoma Kiswahili kwa herufi hizo, maana anayejua Kiarabu pekee atakwama, ataona herufi anazijua na maneno hayajui, na hapo ndipo wengi huanza kusema ni lugha ya majini.

Nimelifungua furushi kama hilo, Ilala, nyumba ya mjane mmoja, miaka mingi imepita. Lilikuwa juu ya kabati, limezungushiwa kaniki, na familia ilikuwa hailali chumba hicho tangu msiba. Nilikwenda na mzee mmoja wa madrasa, mkono wake ukitetemeka kidogo, sijui kwa umri au kwa yale tuliyoambiwa mlangoni. Akafunua. Akasogeza miwani. Akasoma kimya ukurasa wa kwanza, wa pili, midomo inatembea, na watu wa nyumba wamejibana ukutani. Kisha akaanza kusoma kwa sauti: fulani wa Msasani, nazi arobaini. Fulani wa Mbezi, nazi mia na kumi, kalipa sitini. Fulani, mkewe kaja kuomba muda.

Kurasa kumi na mbili za wadaiwa wa nazi. Mjane akasogea mpaka mezani, akaomba arudiwe lile jina la tatu. Akarudiwa. Akatazama dirishani, nyumba ya pili kulia, akasema, "Na harusi ya mwanangu hawakuchanga."